Upinde wa Kwanza wa Kujiunganishia: Namna ya Kuchagua Vipande Vyake

Maswali ya wanaoanza kupiga mishale ni yaleyale. Nianze na upinde wa uzito gani? Nikinunua raiza ya kampuni hii na mabawa ya kampuni ile, vitashikana? Nimepata mishale ya kaboni kwa bei nzuri, niichukue? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi pembeni mwa uwanja, spana mkononi, upinde wa mtu umelazwa majanini, na kila mara nikifika nyumbani nakumbuka jambo moja nililosahau kulisema. Sasa nayaweka kwa utaratibu, kuanzia kupima mwili hadi mshale wa kwanza.

Ninaozungumzia ni upinde wa kisasa wa shabaha unaofunguka vipande vitatu, wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele. Ndio huo unaotumika kwenye Olimpiki, na ndio aliotumia Shehzana Anwar alipoiwakilisha Kenya huko Rio mwaka 2016, mwaka ambao pia alibeba bendera ya nchi siku ya ufunguzi. Upinde wenye roda na nyaya ni somo lingine kabisa.

Tukubaliane kwanza majina. Raiza ni kipande cha katikati unachokishika. Mabawa ni vile vipande viwili vinavyopinda, kimoja juu na kimoja chini. Upote ni ule uzi wa upinde. Jina ni la zamani na linatosha, hata kama upote wa leo ni wa nyuzi za kiwandani, si wa kano za wanyama kama wanaosokota Wahadzabe kule Ziwa Eyasi. Noki ni kile kipande cha plastiki chenye mfereji nyuma ya mshale, kinachouma upote.

Upinde hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama kanzu. Huwezi kumwazima jirani kanzu yake ukategemea mikono ifike panapotakiwa. Kwa hiyo hatua za mwanzo hazina ununuzi wowote, na naomba usiziruke.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Futi ya fundi cherehani, yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari.
- Spana za L za pembe sita. Seti ya inchi na seti ya milimita, kwa sababu raiza nyingi zina bolti za aina zote mbili.
- Rula ya T ya upinde. Ni ndogo, ni ya bei rahisi, na bila hiyo utabaki kukisia.
- Kamba ya kutilia upote. Nitaieleza mbele, lakini iandike kwenye orodha sasa hivi.
- Daftari na penseli.
- Mahali pa kupigia: shabaha nene, nyuma yake ukuta wa udongo au uwanja mtupu usiopitwa na watu, na mtu mzima anayejua mchezo huu kwa wiki zako za kwanza.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwindi mnyamapori bila leseni. Upinde huu ni wa shabaha. Ukiagiza vipande kutoka nje, muulize wakala wako wa forodha kabla hujalipa, si baada ya mzigo kufika.

Hatua ya 1: Jua jicho lako kuu

Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja hadi libaki tundu dogo kati ya vidole gumba. Kwa macho yote mawili wazi, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo: kitasa cha mlango, kifuu cha nazi juu ya ukuta, chochote. Sasa vuta viganja taratibu hadi usoni bila kukipoteza kitu hicho. Tundu litaishia kwenye jicho moja. Hilo ndilo jicho kuu.

Jicho kuu likiwa la kulia, utavuta upote kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa mkono wa kushoto. Raiza hiyo huandikwa RH. Hapa watu wengi hukosea: wanaona wanashika upinde kwa kushoto, basi wanaagiza raiza ya LH. Herufi hizo zinahusu mkono unaovuta.

Jicho na mkono vikipingana, mimi humshauri mtu afuate jicho kama hajawahi kupiga mshale hata mmoja. Mkono hufundishika.

Hatua ya 2: Pima urefu wa mvuto

Huu ni umbali utakaovuta upote kabla ya kuachia, na karibu kila namba nyingine hutoka hapa.

Kipimo cha haraka: simama ukutani, nyoosha mikono pande zote mbili bila kujilazimisha, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati cha upande wa pili. Gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 165 anapata sentimita 66, yaani inchi 26. Mwenye sentimita 185 anapata sentimita 74, inchi 29 na kidogo.

Kipimo cha kweli kinahitaji upinde mwepesi wa kuazima na mshale mrefu kupita kiasi. Vuta hadi mkono ukae vizuri chini ya kidevu, na mwenzako atie alama kwenye mshale palipo usawa wa sehemu ya ndani kabisa ya kishikio. Shusha upote polepole, usiuachie. Pima kutoka kwenye mfereji wa noki hadi kwenye alama, kisha ongeza inchi 1¾. Hiyo ndiyo namba ambayo watengenezaji huimaanisha wanapoandika urefu wa mvuto.

Rudia mara tatu kwa siku tofauti. Anayeanza hubadilika, mabega yakishajua kazi, mvuto huongezeka kwa inchi moja hivi katika miezi ya mwanzo. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye mishale.

Hatua ya 3: Chagua uzito wa mvuto

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji anisikilize kuliko mahali pengine popote.

Uzito wa upinde, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta, hupimwa kwa ratili (pauni). Namba iliyoandikwa kwenye bawa ni uzito upinde unapovutwa inchi 28. Ukivuta pungufu ya hapo, kila inchi inapunguza takriban ratili 2. Ukivuta zaidi, kila inchi inaongeza kiasi hichohicho. Yule wa inchi 26 akinunua mabawa ya ratili 20, vidoleni mwake anashika kama 16. Yule wa inchi 29 akinunua ya 24, anashika kama 26.

Kwa kijana au mtu mwenye mwili mwembamba, anza kati ya 16 na 20. Kwa mtu mzima mwenye nguvu za kawaida, 20 hadi 24. Kwa mtu aliyezoea kubeba magunia, 26, basi.

Najua namba hizo zinakera, hasa kwa vijana. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mabawa ya ratili 34 kwa sababu nilikuwa naweza kuyavuta. Kuyavuta niliweza. Kuyashikilia bila bega la kushoto kupanda hadi sikioni sikuweza, na sikujua kama bega linapanda, kwa sababu macho yalikuwa kwenye shabaha. Miezi minne baadaye bega likaanza kuuma usiku nikilala. Nilipumzika muda mrefu, nikanunua mabawa ya 22, na ilinichukua karibu mwaka kuifuta tabia ile mwilini.

Jaribio ni hili: vuta upinde hadi mwisho, shikilia kwa sekunde 10, shusha polepole, pumzika kidogo, rudia mara tano. Mkono ukitetemeka mara ya pili, upinde ni mzito kwako. Baadaye utapanda ratili 2 hadi 4 kwa wakati, si zaidi. Uzuri wa upinde wa vipande ni kwamba raiza inabaki. Unabadilisha mabawa tu.

Hatua ya 4: Urefu wa upinde

Upinde mfupi kwa mtu mrefu hubana vidole, kwa sababu upote hufanya pembe kali. Upinde mrefu mno kwa mtu mfupi haujifungui vizuri, na mshale hutoka kivivu. Vipimo ninavyovitumia:

- Mvuto wa hadi inchi 26: upinde wa inchi 66.
- Inchi 26 hadi 28: upinde wa inchi 68.
- Inchi 28 hadi 30: upinde wa inchi 70.

Ukiwa mpakani, chukua mrefu.

Urefu huo hutokana na raiza na mabawa kwa pamoja. Raiza ya kawaida ni ya inchi 25. Ikivishwa mabawa mafupi inatoa 66, ya kati 68, marefu 70. Raiza ya inchi 23 inatoa 64, 66 na 68 kwa mpangilio huohuo.

Kuna jambo ambalo muuzaji huenda asikwambie: uzito ulioandikwa kwenye bawa umepimwa kwa raiza ya inchi 25. Bawa hilohilo likivalishwa raiza ya inchi 23 huongezeka takriban ratili 2. Mama mmoja aliniletea upinde wa binti yake wa miaka 13, mabawa yameandikwa 20, na mtoto analalamika kwamba ni mzito. Mizani ilimpa haki mtoto.

Hatua ya 5: Raiza

Nunua ya mfumo wa ILF. Huo ni ule wa bawa lenye ulimi wa chuma unaoteleza kwenye mfereji wa raiza, huku shina la bawa likilalia bolti. Ulianzia kwenye usanifu wa Hoyt, na leo watengenezaji wengi wanaufuata, ndiyo maana raiza ya kampuni moja huvaa mabawa ya kampuni nyingine bila ugomvi.

Lakini si kila kitu cha Hoyt ni ILF. Hoyt wana mfumo wao mwingine uitwao Formula, na mabawa ya Formula hayaingii kwenye raiza ya ILF. Soma neno kwa neno kabla ya kulipa. Kuna pia pinde za wanaoanza zinazofungwa kwa bolti ya mkono. Hizo si mbaya kwa kujifunzia, ila ukitaka kupanda utajikuta unaanza upya.

Ukishika raiza, angalia mambo haya. Kishikio kikae kati ya kidole gumba na mstari wa uhai wa kiganja bila kukulazimisha kukunja kifundo. Bolti za mabawa zizunguke bila kukwaruza. Pawe na tundu la kitufe cha springi (nitakieleza hatua ya 8) juu ya kishikio, na matundu ya skrubu ya kufungia saiti, yaani kifaa cha kulengea. Weka raiza juu ya meza ya kioo kuona kama imepinda, hasa ikiwa imetumika.

Fungu kubwa la fedha zako liende hapa. Raiza ya alumini iliyotengenezwa vizuri utaitumia miaka mingi, na iliyotumika ikiwa nyoofu haina ubaya wowote.

Hatua ya 6: Mabawa

Hapa fanya kinyume: nunua ya bei nafuu, kwa sababu utayaacha ndani ya mwaka. Mbao na fiberglasi vinatosha. Kaboni na povu ni vizuri kwa mtu ambaye tayari mishale yake inakaa pamoja.

Bawa la chini huwa na maandishi karibu na shina: urefu, uzito, na namba ya jozi. Hakikisha namba ya jozi ya bawa la juu na la chini inafanana. Nimeona mabawa mawili ya ratili 24 yaliyotoka jozi tofauti yakiuzwa kama jozi moja, na upinde ule haukutulia hata siku moja.

Kwa mabawa yaliyotumika, pitisha pamba kwenye kingo zote; ikinasa mahali, pana ufa. Angalia mifereji ya ncha ambamo upote hukaa. Isiwe na makali. Kisha litazame bawa kwa urefu wake, jicho moja limefungwa, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Lililojisokota liache palepale.

Hatua ya 7: Upote

Agiza upote kwa urefu wa upinde: kama upinde wako ni 68, mwambie muuzaji 68. Upote wenyewe utakuwa mfupi kuliko namba hiyo kwa inchi 3 hadi 4, usishtuke.

Kwa upinde mwepesi chukua Dakroni. Inanyumbuka kidogo, inayahurumia mabawa na mkono. Nyuzi ngumu za Fast Flight hutoa kasi zaidi, lakini zinahitaji mabawa ambayo ncha zake zimeimarishwa. Mtengenezaji asipoandika kwamba mabawa yake yanakubali, usizitumie.

Hatua ya 8: Kikalio cha mshale na kitufe cha springi

Kikalio ni kile kiwaya au kiplastiki ambacho mshale hulala juu yake. Cha plastiki cha kubandika kinatosha kabisa. Kitufe cha springi hupita kwenye tundu la raiza na kuusukuma mshale kwa ubavu. Nunua chenye springi inayoweza kukazwa na kulegezwa.

Saiti unaweza kuchelewesha miezi miwili. Fimbo ndefu ya kutuliza upinde, miezi sita. Usichelewe na kinga ya mkono wala kinga ya vidole. Upote ukikuchapa kiwiko mara tatu, mwili utaanza kuuogopa wenyewe, na hofu hiyo haitoki kwa maneno.

Hatua ya 9: Unganisha

1. Kaza kila bolti ya bawa hadi mwisho, kisha ilegeze idadi ya mizunguko ambayo kijitabu cha raiza kinaruhusu, nusu ya kiwango cha juu. Hesabu mizunguko kwa sauti, ilingane juu na chini. Kamwe usipite kiwango cha kulegeza: bolti ikishika nyuzi chache, bawa linaweza kuruka.

2. Telezesha bawa la juu kwenye mfereji wake hadi usikie mlio wa kuingia. La chini ndilo lenye maandishi. Mabawa ya ILF huchezacheza kabla upote haujatiwa; si ubovu.

3. Tia upote kwa ile kamba maalumu. Tundu kubwa la upote lipite kwenye bawa la juu na kubaki huko, tundu dogo likae kwenye ncha ya bawa la chini. Vika kamba kwenye ncha zote mbili, kanyaga katikati yake kwa miguu yote miwili, vuta raiza juu kama unavyoinua ndoo kisimani, na kwa mkono mwingine sukuma tundu la juu hadi liingie kwenye mfereji. Angalia ncha zote mbili kabla ya kushusha. Usitie upote kwa kupitisha mguu kati ya upinde na upote. Hivyo ndivyo mabawa yanavyosokotwa.

4. Laza upinde juu ya viti viwili, simama nyuma yake, na tazama upote ukipita katikati ya bawa la juu, katikati ya raiza, katikati ya bawa la chini. Ukikaa pembeni, raiza nyingi zina sehemu ya kusogeza bawa kushoto au kulia.

5. Kwa rula ya T, pima nafasi kutoka ndani ya kishikio hadi kwenye upote. Upinde wa 66 uanze kati ya sentimita 21 na 22, wa 68 kati ya 21.5 na 22.5, wa 70 kati ya 22 na 23. Kuongeza nafasi, vua upote na usokote mizunguko kadhaa, kupunguza, ulegeze. Upote mpya hunyumbuka, kwa hiyo pima tena baada ya mishale 50.

6. Pima umbali kutoka shina la bawa la juu hadi kwenye upote, kisha la chini. Wa juu uwe mkubwa kwa milimita 3 hadi 6. Tofauti hiyo huitwa tila, na hurekebishwa kwa bolti. Vua upote kwanza kila unapogusa bolti.

7. Tia alama ya noki kwenye upote, kwa uzi uliofungwa vizuri au pete ya shaba, ili mshale ukae milimita 6 juu ya usawa kamili wa kikalio.

8. Ning'iniza mizani kwenye upote palipo alama ya noki, vuta polepole hadi urefu wa mvuto wako, soma uzito. Mizani ikisoma kilo, zidisha kwa 2.2 upate ratili. Andika daftarini. Shusha polepole vilevile.

Onyo la uzima: usiachie upote bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hubaki kwenye mabawa, nayo huyapasua. Mwambie kila mgeni anayekuomba aujaribu upinde wako, kabla hajaugusa.

Hatua ya 10: Mishale, mwisho kabisa

Watu wanapenda kuanza hapa. Subiri. Mshale huchaguliwa kwa uzito halisi ulioupima kwa mizani na urefu halisi wa mvuto wako, na namba zote mbili umeshazipata.

Mshale ukiachiwa haunyooki. Hupinda na kuyumba kama samaki anavyokwenda majini, ukiupita upinde ubavuni. Ugumu wake ukilingana na upinde, unanyooka njiani. Namba ya ugumu kwenye mishale ya kaboni inapatikana hivi: mshale huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa gramu 880, na kiasi unachopinda hupimwa kwa elfu za inchi. Mshale wa 1000 umepinda inchi 1 kamili. Wa 500 umepinda nusu inchi. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mshale ni laini. Ile mishale ya kaboni ya bei nzuri, ikiwa ya 500, ni migumu mno kwa upinde wa ratili 20, na utahangaika nayo ukidhani kosa ni lako.

Mishale ya alumini husomwa vingine. 1716 maana yake unene ni 17/64 ya inchi na ukuta wake ni 16 elfu za inchi.

Mtengenezaji yeyote wa maana ana jedwali: uzito upande mmoja, urefu wa mshale upande mwingine. Lifuate, ukiwa na uzito wako wa mizani, si ulioandikwa kwenye bawa.

Kwa wa kwanza mimi napendekeza alumini. Ukijikunja unauona, na hauachi vibanzi. Kaboni iliyopasuka inaweza kuvunjika wakati wa kuachia na kuingia mkononi, kwa hiyo kila mshale wa kaboni ushike ncha zote mbili na uupinde kidogo sikioni kabla ya kuutumia. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje kabisa usije ukarudishwa kwenye podo na mtu asiyejua.

Acha mishale iwe mirefu kuliko mvuto wako kwa inchi 2. Mvuto utaongezeka, na mshale mfupi unaoteleza nyuma ya kikalio ukiwa umevutwa ni hatari kwa mkono ulioshika upinde. Nunua sita hadi nane. Ukiuweka kwenye upote, nyoya la rangi tofauti litazame mbali na raiza.

Jaribu noki: ibane kwenye upote, uache mshale uning'inie kuelekea chini. Uning'inie bila kuanguka, na ukigongwa upote kwa kidole udondoke. Isipodondoka, noki inabana mno. Ikidondoka yenyewe, unaweza kujikuta umeachia tupu bila kukusudia.

Hatua ya 11: Mishale ya kwanza

Simama mita 5 kutoka kwenye shabaha, si 18 wala 70. Hakuna mtu mbele ya mstari, mbele yako wala pembeni. Piga mitatu, weka upinde chini, ndipo uende. Unapochomoa, simama ubavuni mwa shabaha, kiganja kimoja kiubonyeze ubao, kingine kivute mshale moja kwa moja, na nyuma yako pasiwe na mtu. Noki inaingia jichoni kirahisi kuliko unavyodhani.

Mishale ikianza kukaa pamoja ndani ya sahani ya chai, rudi nyuma hadi mita 10, kisha 18, ambao ndio umbali wa mashindano ya ndani.

Ikienda vibaya

*Upote unachapa mkono.* Zungusha kiwiko cha mkono ulioshika upinde ili mfupa uangalie nje, si chini. Ikiendelea, pima nafasi ya upote, huenda imepungua.

*Mshale unaanguka kwenye kikalio unapovuta.* Vidole vinaubana na kuusokota upote. Legeza kidole cha juu, acha nafasi kati yake na noki.

*Upinde unapiga kelele kubwa.* Ongeza nafasi ya upote milimita 3, piga mishale sita, sikiliza. Endelea hadi kelele iwe ndogo kuliko zote, ukibaki ndani ya vipimo vya hatua ya 9. Mishale myepesi mno pia hupiga kelele.

*Mishale inakaa pamoja lakini kushoto.* Kama una saiti, isogeze kushoto. Saiti hufuata mishale: ikienda juu, nayo juu, ikienda kulia, nayo kulia.

*Sijui kama mishale ni migumu au laini.* Toa manyoya kwenye mmoja au miwili. Ukiwa mita 18 na mishale yako inakaa pamoja, piga mitatu yenye manyoya na huo usio nayo. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, usio na manyoya ukienda kushoto mwa wenzake, mishale ni migumu: legeza springi ya kitufe au kaza bolti za mabawa kidogo. Ukienda kulia, ni laini: kaza springi au legeza bolti. Ukitua chini ya wenzake, alama ya noki iko juu mno. Ukitua juu, iko chini mno. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, nusu mzunguko, na uandike. Kama mishale haikai pamoja bado, acha jaribio hili, litakudanganya.

*Bawa limetoa sauti ya kupasuka.* Simama hapohapo. Shusha polepole, vua upote kwa kamba, kagua kwa pamba. Bawa lenye ufa halitibiki kwa gundi.

*Upote unatoa vinyweleo.* Paka nta, sugua kwa kipande cha ngozi hadi kipate joto. Uzi mmoja ukikatika, upote huo umekwisha.

*Bolti zinashika kutu.* Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya hewani. Futa raiza kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, tone moja la mafuta kwenye nyuzi za bolti kila mwezi. Na usiache upinde kwenye gari juani, hata kwa muda wa sala ya Ijumaa: gundi ya mabawa huachia kwa joto, na tabaka zikishaachana hakuna la kufanya isipokuwa kuagiza mengine.